Wenzi wa Kambi Milimani Simien

Wako watu ulimwenguni ambao husafiri na nyumba zao migongoni. Si wachuuzi wala si wahamaji. Ni vijana na wazee wa mataifa mbalimbali ambao hutia hema, blanketi, sufuria na unga katika shanta moja, wakaenda kwa miguu, kwa basi au kwa lori mpaka mahali ambapo barabara humalizika. Hawana ukoo mmoja, na aghalabu hawana lugha moja, lakini hutambuana kwa mbali kama watu wa kijiji kimoja. Wakikutana jioni huulizana watokako na waendako kabla ya kuulizana majina. Kesho yake huenda wakafuatana njia moja na kula chungu kimoja, na kesho kutwa wakaachana wasionane tena maishani. Nilipata kuwa mmoja wao mwezi wa Januari mwaka wa 2019, katika milima ya Simien iliyo kaskazini mwa Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Jambo ninalotaka kueleza ni deni lililo baina ya watu wa namna hiyo. Deni la ndugu kwa ndugu hujulikana, na la jirani kwa jirani hujulikana pia. Lakini mtu uliyekutana naye juzi, mkagawana gharama ya safari, akiugua usiku juu ya mlima, una deni gani kwake?

Njia ya kutoka Nairobi sitaisimulia sana. Nilipanda basi hadi Moyale, ambako mpaka umeugawa mji mmoja ukawa miji miwili yenye jina moja; kisha nikapanda mabasi mengine hadi Addis Ababa, na kutoka hapo hadi Gondar, mji wa kale wenye ngome za mawe zilizojengwa na mfalme Fasilides na warithi wake katika karne ya 17 na ya 18. Nilifika wakati wa Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Kristo, ambayo Wakristo wa Kiorthodoksi wa nchi hiyo waliiadhimisha mwaka ule tarehe 19 Januari. Nilisimama katika umati wa watu waliovaa nguo nyeupe, nikanyunyiziwa maji kama wote, na jioni nikala injera katika nyumba ya wageni. Hapo ndipo nilipokutana na wenzangu.

Tulikuwa wanne. Alikuwapo mzee wa Kifaransa mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akitembea milimani tangu ujana wake. Alikuwapo kijana wa Kijerumani, mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye alikuwa amefanya kazi ya usiku ghalani miaka miwili ili apate nauli ya kuja kupanda Ras Dashen, mlima mrefu kuliko yote ya Ethiopia, wenye kimo cha mita 4,550 hivi. Na alikuwapo dada mmoja wa Kiholanzi, mwalimu wa watoto wadogo, mcheshi kama mwali wa jiko. Yeye alikuwa amefika Gondar kwa ndege siku moja tu kabla ya Timkat. Msomaji huenda anajua kwamba Uholanzi ni nchi tambarare, na kwamba karibu robo yake iko chini ya usawa wa bahari. Alituambia mwenyewe kwa kicheko kwamba mahali pa juu kabisa palipo karibu na kwao ni ghorofa ya tatu ya shule yake. Wa nne nilikuwa mimi, niliyezaliwa upande wa Nyeri, penye mteremko wa Mlima Kenya, na ambaye katika ujana wangu nilibeba mizigo ya wapandaji wa mlima huo kwa misimu mitatu.

Tulikubaliana kwenda pamoja kwa sababu ya uchumi. Kutoka Gondar hadi mji wa Debark ni kama kilomita 100, na Debark ndiko iliko ofisi ya Hifadhi ya Simien. Pale msafiri hulipa ada, hukodi wanyama wa mizigo, na hupewa mlinzi mwenye bunduki ambaye ni lazima afuatane naye muda wote awapo hifadhini. Kundi la watu wanne hugawana ujira wa mlinzi mmoja. Mtu peke yake huulipa wote. Kumbuka sharti hilo la mlinzi, maana lilikuja kuwa kiini cha mambo yote.

Mlinzi wetu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amevaa viatu vya plastiki visivyo na soksi, na mabegani amejitanda gabi, yaani shuka nene la pamba ambalo watu wa nyanda za juu za Ethiopia huvaa mchana na kulilalia usiku. Bunduki yake ilikuwa kuukuu, na kitako chake kimefungwa waya. Sisi tulimwita Gashe, neno ambalo Waamhara humwitia mwanamume aliyewazidi umri, kama sisi tunavyosema mzee au baba. Yeye aliniita mimi wendime, ndugu yangu. Wale wengine hakuwaita kitu ila kwa kuwaashiria kwa kidevu. Kiingereza chake hakikuzidi maneno hamsini. Pamoja naye alikuja mvulana mwenye baghala, yule mnyama azaliwaye na punda na farasi, ambaye hubeba mzigo mahali ambapo farasi huogopa na punda hugoma.

Lilikuwapo jambo moja lililonifanya nijione nyumbani katika nchi ile. Waamhara huhesabu saa kama sisi. Siku yao huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, wala si usiku wa manane. Saa yetu moja asubuhi ni saa yao moja, na hata neno lenyewe, sa'at, ni jamaa wa karibu wa saa yetu. (Kalenda ni jambo jingine. Wana miezi kumi na mitatu, na mwaka ule ambao sisi tuliuita 2019, wao walikuwa bado katika 2011.) Wenzangu wa Ulaya kila waliposikia wakati kwa Kiamhara, au kwa Kiingereza cha Gashe, walilazimika kuhesabu kwa vidole, na mara nyingi hesabu iliwatoroka. Mimi sikuwa na haja ya kuhesabu. Tulilifanyia mzaha jambo hilo siku mbili za kwanza.

Siku ya kwanza tulipelekwa kwa gari hadi karibu na Sankaber, penye kimo cha mita 3,250, tukapiga kambi hapo. Siku ya pili tukaenda kwa miguu hadi Geech, yenye mita 3,600. Ni mwendo wa saa nne au tano kwa mtu asiye na haraka, na hapana mtu mwenye akili ambaye angekuwa na haraka mahali pale. Nchi ya Simien ni uwanda mkubwa ulioinuka ambao umekatwa ghafla upande wa kaskazini kama mkate uliokatwa kwa kisu. Unatembea katika majani makavu ya rangi ya dhahabu, na hatua kumi mbele yako ardhi imekwisha. Chini, mbali mno, viko vilima vingine na makorongo na mashamba madogo ya shayiri, na tai wakubwa wanaruka chini ya miguu yako. Nimeuona Mlima Kenya tangu utotoni, na nilizoea kufikiri kwamba mlima ni kitu cha kutazamwa kwa kuinua macho. Pale nilijifunza kuutazama mlima kwa kuinamisha kichwa.

Njiani tulipita katikati ya kundi la gelada, nyani wenye manyoya marefu kama simba, ambao kifuani wana kipande cha ngozi nyekundu isiyo na nywele. Hula majani kama ng'ombe. Huketi wakayang'oa kwa vidole vyao haraka haraka, wakasogea kidogo kwa kuburura makalio, wakaendelea. Mamia yao walikuwa wakila, wakinong'ona na kugombana kidogo, wala hawakututilia maanani. Jioni hushuka magengeni, wakalala katika ukingo ambapo chui hawezi kuwafikia. Yule dada wa Kiholanzi alikaa kati yao karibu nusu saa, hata Gashe akaja kumwita. Nilidhani anafurahia kuwatazama. Baadaye alituambia kwamba tayari kichwa kilikuwa kikimgonga, na alikuwa akitafuta udhuru wa kupumzika bila kuonekana mchovu.

Kambi ya Geech ni uwanda wa majani wenye miti ya lobelia, zile lobelia kubwa zenye shina kama nguzo ambazo binamu zake tunazo pia kwenye Mlima Kenya. Karibu na hapo palikuwa na kijiji ambacho watu wake walikuwa wamehamishwa kwenda Debark miaka michache kabla yetu, ili majani na wanyama vipate nafasi. Hifadhi hii iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 1978, ikatiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini mwaka wa 1996, na kuondolewa humo mwaka wa 2017. Mvulana wa baghala alitembea katikati ya kuta za nyumba zilizobaki akatuonyesha moja kwa mkono. Sikufahamu neno alilolisema, ila nilifahamu kwamba aliwahi kuishi humo.

Tulipiga mahema manne kwa mstari, migongo yake ikielekea upepo. Ni kazi ndogo, lakini ndiyo huonyesha tabia za watu. Mzee wa Kifaransa alilisimamisha lake kwa dakika tano, kisha akaenda bila kuombwa kushika kamba za mwenzake. Kijana wa Kijerumani alipima mwinuko wa ardhi kwa chupa ya maji iliyolazwa, ili kichwa chake kisije kikawa chini usiku. Tulicheka, lakini asubuhi ya kambi ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa amelala vizuri kuliko sote. Kisha tukapika. Msomaji ambaye hajawahi kupika mlimani na ajue kwamba kimo kile maji huchemka kabla hayajawa moto wa kutosha, kwa nyuzijoto kama 88 badala ya 100. Yanatokota kwa kelele nyingi, lakini chai haikolei na dengu hubaki ngumu kama kokoto. Gashe alitutazama tukihangaika na sufuria, akatoa mfukoni kolo, yaani shayiri iliyokaangwa, akatugawia kila mtu gao lake. Chakula hicho hakihitaji maji wala moto.

Dada wa Kiholanzi hakula. Alisema ana kichefuchefu kidogo, akaingia hemani mapema. Jua lilipotua baridi ilishuka kama kitu kilichoangushwa. Kabla ya saa mbili usiku sakitu ilikuwa imeanza kuota juu ya turubai.

Mnamo saa tano usiku nilisikia mtu akitapika nje. Nilitoka na tochi, nikamkuta amepiga magoti kwenye majani. Alisema ni dengu tu, nami nikamkumbusha kwamba hakuzila. Alicheka kidogo, kisha akaanza kusema jambo na kulisahau katikati. Hilo lilinitia wasiwasi kuliko kutapika. Kwa misimu ile mitatu niliyobeba mizigo, waongozaji wa mlimani kwetu walitufundisha sisi vijana kipimo kimoja rahisi: mchoree mgonjwa mstari ardhini, umwambie atembee juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa kidole cha mguu mwingine. Mwenye kuumwa kichwa tu ataweza. Ambaye ubongo wake umeanza kuvimba kwa ajili ya hewa hafifu ataruka pembeni kama mlevi. Nilichora mstari kwa ncha ya fimbo. Alikwenda hatua tatu, akaanguka upande wa kushoto.

Kwa ugonjwa huo ziko dawa zinazosaidia, lakini tiba ya kwanza, na isiyokuwa na badala, ni kushuka. Kushuka hata mita mia tatu au mia tano huweza kumrudishia mtu uhai. Kungoja mpaka asubuhi huweza kumwua. Hewa ya mita 3,600 ina kama theluthi mbili tu ya nguvu ya hewa ya pwani. Mwili hujifunza kuishi nayo, lakini huomba muda, na mwili wa dada yule ulikuwa umepewa siku chache mno. Niliwaamsha wenzangu wote, na Gashe.

Hapo ndipo mashauri yalipoanza, na nataka kuyaeleza kwa haki. Gashe alisema kwamba kuna lori lipelekalo watu na shayiri Debark, nalo hupita Sankaber saa moja. Wenzangu wakasikia saa moja kwa hesabu ya Ulaya, yaani mchana, saa yetu saba. Kijana wa Kijerumani akasema basi muda upo tele: tungoje kupambazuke, tunywe kitu cha moto, tushuke kwa mwanga, na saa sita tutakuwa barabarani. Lilikuwa shauri la busara kama hesabu yake ingekuwa sahihi. Niliwaambia kwamba Gashe anahesabu kama mimi, na kwamba saa moja yake ni ya asubuhi, jua likichomoza. Likitupita hilo, hatukujua jingine litapita lini. Ikiwa tunalitaka, ni lazima tuondoke kabla ya saa nane usiku.

Kimya kikapita. Kisha yule kijana akatoa shauri la pili. Mvulana na baghala wamshushe mgonjwa, na mimi nifuatane nao, kwa kuwa naijua lugha ya saa na nimezoea wagonjwa. Gashe abaki na hao wawili, ili kesho waendelee na safari. Alilisema bila ukatili. Alikuwa amehesabu siku zake moja moja: kutoka Geech kwenda Ras Dashen na kurudi Debark kabla ya ndege yake, hapakubaki siku hata moja ya ziada. Miaka miwili ya kazi za usiku ilikuwa katika hesabu ile. Na mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa ameegemea shanta lake huku macho yake yamefumba nusu, akamwunga mkono. Alisema hataki kumharibia mtu safari yake, na kwamba akilala kidogo atapona.

Katika maisha yangu nimesikia watu wakimlaumu mwenye kufikiri juu ya hasara yake saa ya shida. Mimi simlaumu. Mtu asiye na cha kupoteza ni rahisi kwake kuwa mwema. Lakini shauri lake lilikuwa na ufa: mvulana alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano labda, mimi nilikuwa mgeni nisiyeijua njia, na mwanamke asiyeweza kusimama angehitaji watu wawili kumshikilia juu ya mnyama na wa tatu kumwongoza mnyama mwenyewe. Mzee wa Kifaransa alisema hayo kwa maneno machache kuliko niliyotumia mimi hapa. Kijana akajibu kwamba basi waende wanne wakamwache yeye peke yake kambini. Lakini sharti la hifadhi halikuruhusu mgeni akae bila mlinzi, naye alilijua hilo alipokuwa akisema.

Gashe hakufuata mabishano yetu, kwa kuwa hakuyaelewa. Alikuwa amesimama kando akimtazama mgonjwa. Halafu akamwendea, akavua gabi lake, akamfunika nalo kichwa na mabega, akasema neno moja: "Ayzosh." Kisha akatugeukia, akasema kwa Kiingereza chake kidogo kwamba huyu anashuka, naye anashuka pamoja naye. Akaenda kumtandika baghala. Ikawa mashauri yamekwisha, maana mlinzi akishuka, kundi zima limeshuka.

Neno lile ayzosh nililiuliza baadaye. Huambiwa mwanamke, mwanamume huambiwa ayzoh. Mtu aliyejikwaa huambiwa, na aliyefiwa, na mtoto anayelia. Maana yake ni kama jipe moyo, usiogope, mimi nipo. Sisi tunalo pole, ambalo wageni wengi hulistaajabia, kwa kuwa tunamwambia mtu pole hata kama hatukumkosea. Lakini naona pole yetu hutazama yaliyompata mtu, na ayzosh hutazama hatua inayofuata. Usiku ule, katika njia ya mawe, nililisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Tuliyaacha mahema chini ya uangalizi wa mpishi wa kundi jingine lililokuwa kambini, tukaondoka saa saba na nusu. Mwezi ulikuwa umepita siku mbili tangu kuwa mpevu, na majani yenye sakitu yaling'aa hata tochi hazikuhitajika sana uwandani. Gashe alitangulia, bunduki mgongoni, amebaki na koti lake jembamba katika baridi ile. Mvulana alimshika baghala hatamu. Mimi nilikuwa upande wa kulia wa mgonjwa, mzee wa Kifaransa upande wa kushoto, na kila mmoja wetu ameshika mshipi wake. Kijana wa Kijerumani alikuja nyuma. Hakusema neno, lakini nilipogeuka niliona kwamba amebeba mashanta mawili, lake mgongoni na la mgonjwa kifuani.

Mteremko wa kwenda mto Jinbar ndio uliokuwa mgumu. Baghala hushuka kwa kuangusha miguu ya mbele kwa ghafla, na kila mara dada yule aliinamia shingoni mwa mnyama, nasi tukamvuta nyuma. Mara mbili tulimshusha atapike. Mara moja alianza kusema Kiholanzi kwa sauti ya upole, kama anayeongea na wanafunzi wake. Mzee wa Kifaransa akamjibu kwa Kifaransa, na mazungumzo yale yasiyo na maana yakaendelea hata tukavuka maji. Ng'ambo ya mto tuliinuka tena, lakini si sana, na jambo la ajabu likaanza kuonekana. Aliomba maji. Kisha akauliza saa ngapi. Kisha, nyota zilipoanza kufifia, akauliza kwa nini yule mzee mwenye bunduki hana gabi lake. Mtu anayeuliza swali kama hilo akili yake imerudi.

Tulifika barabarani karibu na Sankaber saa kumi na mbili na dakika chache. Lori lilikuja kabla ya jua kutokeza sawasawa, limejaa magunia, na juu ya magunia watu wamejifunika nguo zao nyeupe kama kundi la ndege wakubwa. Walijibana bila kuambiwa mara mbili. Mama mmoja akampakata dada yule kichwa magotini pake kama aliyemzaa. Mzee wa Kifaransa akapanda pamoja naye. Alisema magoti yake yamepata udhuru wa kutoona Ras Dashen. Dada akajaribu kulivua gabi. Gashe akamkataza kwa kichwa, akasema neno lake lile lile, na lori likaondoka. Tulipomkaribisha Gashe chai ya maziwa kwa mpishi wa kambi ya Sankaber, aliikataa. Ilikuwa Jumatano, siku ambayo Waorthodoksi hufunga nyama na maziwa. Akaomba chai kavu.

Sisi watatu na mvulana tulirudi Geech siku ile ile, kwa kuwa vitu vyetu vilikuwa huko. Tulikuta mahema yamesimama kama tulivyoyaacha, na gelada wakila majani baina ya kamba. Kijana wa Kijerumani alianza na hema la dada wa Kiholanzi. Alilipangusa unyevu kwa taulo lake mwenyewe, akalikunja polepole pembe kwa pembe, akahesabu vigingi mara mbili. Lake alilifungasha mwishoni, hivi hivi tu. Kesho yake tulipanda Imet Gogo, ncha ya jabali yenye mita 3,926, ambako upande mmoja tu ndio ulioungana na dunia na pande tatu ni utupu. Mbali, upande wa mashariki, Gashe alituonyesha kilele cha Ras Dashen, kigongo cha kijivu kisicho na fahari nyingi. Kijana alikitazama kwa muda mrefu. Nilimwuliza kama ana uchungu. Akanijibu kwamba anao, na kwamba hataki niuondoe kwa maneno. Nikanyamaza, tukala kolo.

Mwaka wa 2020 vita vilizuka kaskazini mwa Ethiopia, na mwaka wa 2023 mapigano yalienea katika jimbo la Amhara, lenye milima hii. Kwa hiyo msomaji asiyachukue maelezo yangu kuwa mwongozo wa njia. Nayaandika kama yalivyokuwa Januari ile.

Tuliporudi Debark Jumamosi, tulimkuta dada wa Kiholanzi ameketi kwenye kizingiti cha nyumba ya wageni, amepata nafuu, akila injera kwa mkono wa kulia kama aliyezaliwa huko. Mzee wa Kifaransa alikuwa amekwisha ondoka kwenda Gondar. Yeye angaliweza kuondoka naye, lakini alikuwa amekaa siku tatu katika mji mdogo usio na mengi ya kutazama, akiwangoja watu wa mlimani. Gabi lilikuwa limefuliwa, limekaushwa juani, limekunjwa mraba juu ya mapaja yake. Alisimama, akampa Gashe kwa mikono yote miwili. Gashe akalikunjua, akalinusa, akacheka kwa sababu lilinuka sabuni ya manukato. Akajitanda nalo mabegani, akaitundika bunduki juu yake, akaenda ofisini kutia kidole chake kwenye karatasi ya ujira.